Mtoto wa miaka 6 anafelije usaili wa darasa la kwanza?

Leo naomba tuweke pembeni siasa na Simba na Yanga, tuongelee jambo ambalo limenikaa kooni toka mwishoni mwa 2024. Najua wengi wenu mnaosoma hapa hamna watoto bado. Mie mwenyewe sina. Lakini nani anayetumwa kwenda kuchukua fomu ya shule ya mdogo wake? Nani anayemsindikiza mpwa asubuhi wakati mama yake yuko sokoni? Ni sisi sisi tunaokaa hapa kafe tukihesabu dakika zisiishe. Kwa hiyo msije mkasema hayatuhusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anauza vitumbua na chai hapa mtaani kwetu Dar. Ana mtoto wa kiume, kipindi hicho alikuwa anaelekea miaka 6. Kwa miaka miwili dada alijibana, akamlipia dogo nasari ya binafsi ile ya sare na mabegi ya katuni. Mwezi Novemba 2024 ndo nasari inaisha, akaenda kumwombea nafasi ya darasa la kwanza kwenye shule moja ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Shule siitaji jina. Akanunua fomu, akaambiwa mtoto aje kwenye intavyuu, yaani usaili. Dada akaniomba nimpeleke dogo kwa sababu siku hiyo alikuwa na oda ya vitumbua vya msibani.

Tukaingia. Madamu mmoja akamwonesha dogo kadi za rangi, akamuuliza kwa Kiingereza hii ni rangi gani. Dogo kimya. Akamuuliza jina la mnyama. Kimya. Akampa penseli aandike namba mpaka 50. Akafika 19, akaanza kuniangalia mie. Dakika kama saba hivi, kazi imekwisha. Jibu likaja: "Huyu bado, arudie mwaka mmoja nasari." Na nasari waliyoipendekeza ni ya kwao wenyewe, ada juu.

Njiani nikamuuliza, "Anko, ile kadi ilikuwa rangi gani?" Akanijibu, "Ya kijani." "Sasa mbona hukusema?" Akasema, "Yule alikuwa hacheki."

Wadau, mie nimemaliza kidato cha nne na nimeshakaa kwenye usaili wa kazi mara mbili, zote nimekosa. Kufeli usaili nakujua. Lakini mtoto wa miaka 6 anafelije? Hiki ndicho kilichonifanya nianze kusoma sera na kuuliza walimu ninaowafahamu. Nilichokikuta ndo hiki nawaletea.

SERIKALI ILISEMAJE?

Wengi tunadhani darasa la vidudu ni jambo la hiari, la wenye hela. Siyo kweli. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyoingiza rasmi elimu ya awali kwenye mfumo wetu, kwa watoto wa miaka 5 na 6. Ikaja Sera ya 2014, hiyo ikaenda mbali zaidi: elimu ya awali ikawa ya lazima kwa mwaka mmoja. Kisha kuanzia Januari 2016 ukaanza mpango wa elimu bila ada, na mpango huo haukuanzia darasa la kwanza kama watu wengi wanavyosema. Ulianzia darasa la awali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ukaongezwa mpaka kidato cha sita. Maana yake darasa la awali kwenye shule ya msingi ya serikali ni haki ya mtoto na halina ada.

Kumbe basi dada yangu alikuwa amelipa miaka miwili kwa kitu ambacho kipo bure mita 300 kutoka kwenye meza yake ya vitumbua? Nilipomuuliza akanicheka. "Mdogo wangu, umeshawahi kuchungulia lile darasa?"

Nikaenda kuchungulia.

Sitaki kuisema vibaya ile shule maana walimu wale wanajitahidi sana. Lakini niliyoyaona: chumba kimoja, watoto wamekaa sakafuni mpaka mlangoni, mwalimu mmoja wa kike sauti imeshakauka na ilikuwa ndo kwanza saa tatu asubuhi. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Pale nilihesabu mpaka 80 nikachoka. Na hili siyo la shule ile tu. Baada ya ada kufutwa 2016 watoto walimiminika shuleni, jambo ambalo ni zuri, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Takwimu za serikali yenyewe za miaka iliyofuata zilionesha zaidi ya watoto 100 wa awali kwa kila mwalimu mmoja mwenye sifa kwenye shule za serikali.

Halafu kuna jambo ambalo walimu wenyewe wameninong'oneza. Shule ikipungukiwa mwalimu, wa kwanza kuhamishwa ni wa awali. Kwa nini? Kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na darasa la saba lina mtihani wa taifa, na mwalimu mkuu anaulizwa matokeo ya hayo. Nani anamuuliza mwalimu mkuu kuhusu vidudu? Hakuna. Kwa hiyo vidudu wanaachiwa yeyote aliyebaki.

HAPA NDIPO BIASHARA INAPOINGIA

Sasa unaelewa kwa nini mama muuza vitumbua anakimbilia binafsi. Siyo kwamba anaringa. Anaona darasa la bure limejaa, na anajua sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anafikiri bora mtoto aanze nacho mapema. Hesabu yake ina mantiki kabisa. Mie simlaumu, na sisemi shule zote za binafsi ni wezi. Zipo zinazofundisha vizuri mno na watoto 20 darasani.

Tatizo ni kwamba soko hili linauza kitu ambacho mzazi hawezi kukipima. Ukinunua kilo ya sukari unaiona kwenye mzani. Ukinunua elimu ya chekechea unapima kwa nini? Basi unapimiwa kwa vitu vinavyoonekana: mtoto wa miaka 4 ana madaftari matano, ana kazi ya nyumbani kila siku, anaimba ABC mpaka mwisho, anasema gudi moningi ticha. Na mwisho wa mwaka kuna mahafali, joho na kofia, keki, picha za kulipia, mshereheshaji na spika. Jamani! Mtoto hajaanza hata la kwanza ameshahitimu kuliko mie!

Sikatai furaha. Ila mchango wa ile sherehe ya mpwa wangu ungetosha kununua vitabu vya hadithi vya mwaka mzima. Na mtoto huyo huyo aliyevaa joho ndiye aliyeambiwa mwezi ule ule kwamba hayuko tayari. Sasa alihitimu nini?

KUWA TAYARI NI KUFANYAJE?

Hili ndilo swali lenyewe, na naona wazazi wengi, shule nyingi, na hata sisi makaka na madada tunalijibu kinyume. Tunafikiri mtoto aliye tayari ni yule ambaye ameshajua mambo ya darasa la kwanza. Kama ameshayajua, huko darasa la kwanza anakwenda kufanya nini? Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umejengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kazi ya kumfundisha kusoma ni ya darasa la kwanza. Kazi ya awali ni kumjengea vile ambavyo bila hivyo KKK haishiki.

Vitu gani hivyo? Nimeviweka kwa lugha yetu ya kijiweni.

Kwanza ni masikio na mdomo. Kabla mtoto hajaona herufi inabidi asikie sauti. Kiswahili chetu ni rahisi kwa hili kwa sababu maneno yake yanakatika silabi kwa silabi: ki-tu-mbu-a. Mtoto anayeweza kupiga makofi kwa kila silabi, anayejua kwamba "baba" na "bata" vinaanza sawa, huyo akioneshwa ba be bi bo bu anadaka haraka. Na mtoto aliyesikia hadithi nyingi ana maneno mengi kichwani, kwa hiyo akisoma neno anakuta anaujua tayari ulimwengu wake. Aliyekaririshwa ABC kama wimbo anaweza kuimba mpaka mwisho na asijue hata moja ukimwonesha peke yake.

Pili ni mkono. Kidole cha mtoto wa miaka 4 bado laini. Kumlazimisha ajaze kurasa mbili za "a a a a" ni kumchosha na kumfanya aichukie penseli. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua maharage, kuchora mchangani, yote hayo yanakomaza mkono. Bibi zetu hawakujua neno "utayari" lakini walikuwa wanatupa mchele tuchambue!

Tatu ni kujitegemea. Anaweza kwenda chooni peke yake na kunawa? Anaweza kufunga vifungo vya shati? Anaweza kumwambia mwalimu "naumwa tumbo" au "nimechukuliwa penseli yangu"? Ndani ya darasa la watoto 100, asiyeweza kusema shida yake anapotea, na hakuna atakayemwona.

Nne ni kukaa na wenzake na kuachana na mama. Kusubiri zamu, kupoteza mchezo bila kurusha mawe, kumsikiliza mtu mzima ambaye siyo wa nyumbani. Na hapa tuseme ukweli, tunawaharibu wenyewe. Mara ngapi umesikia mtu anamwambia mtoto mtundu, "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha"? Halafu Januari tunashangaa mtoto ameng'ang'ania nguzo ya geti analia. Si tulimwambia sisi wenyewe kwamba ndani kuna mtu wa kumchapa?

Tano ni tumbo. Mtoto aliyeamka saa kumi na mbili na hajala mpaka saa sita hafundishiki, awe amesoma nasari ya milioni au ya bure.

Sasa rudi kwa mpwa wangu. Anasimulia hadithi ya sungura mpaka unachoka. Anahesabu vitumbua vitano vitano kwenye mfuko wa mteja na hajawahi kukosea mbele yangu. Anavaa mwenyewe, anatumwa dukani anarudi na chenji. Ule usaili haukuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Ulimuuliza kama anajua Kiingereza mbele ya mtu mgeni ambaye hacheki. Kwa hiyo shule ile haikupima kama mtoto yuko tayari kujifunza. Ilichagua watoto ambao hawatawapa kazi.

WAMEWEZA WENGINE BILA KOFIA WALA JOHO

Msiniambie haiwezekani bila hela nyingi. Ninayo mifano miwili ya hapa hapa kwetu.

Zanzibar katikati ya miaka ya 2000 ilianza Tucheze Tujifunze, watu wanaita TuTu. Vilikuwa vituo vya jamii ambavyo havikuhitaji jengo la kifahari wala mwalimu mwenye digrii. Kulikuwa na redio. Kipindi kinarushwa, kinaongoza nyimbo, michezo na hesabu, na mlezi kutoka kijiji hicho hicho anafuatisha pamoja na watoto. Redio tu, wadau!

Wa pili ni wa bara. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, ulikuwa na programu ya utayari wa kuanza shule kwenye mikoa kama Shinyanga, Simiyu, Tabora na Kigoma. Huko watoto wengi wanafika darasa la kwanza Kiswahili chenyewe hawakijui, nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiha au Kinyamwezi. Mwalimu anafundisha KKK kwa lugha ambayo mtoto anaisikia kama redio ya nchi ya jirani. Programu ile ilichukua vijana wa kujitolea wa kijijini, ikawapa vitabu vya hadithi na michezo, wakakaa na watoto wiki kadhaa kabla ya kuanza shule. Vijana wa kijijini, yaani watu kama mimi na wewe.

Na serikali imeshalikubali jambo hili kwenye karatasi. Desemba 2021 ilizinduliwa Dodoma programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na nguzo zake ni tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Soma tena ile orodha yangu ya kijiweni hapo juu, utaona haiko mbali sana na hizo. Kwa hiyo ujuzi tunao. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mwalimu mkuu, diwani na halmashauri: mwalimu wa awali yuko wapi?

KWA NINI NASEMA SASA HIVI

Kwa sababu muda umepungua. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, pamoja na Sera ya 2014 toleo la 2023 iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, vinaifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Mtoto anayeanza la kwanza siku hizi hatakuwa na darasa la saba. Zamani dogo akichelewa kusoma walimu walisema "atashika la tatu huko". Sasa kila mwaka una uzito zaidi. Ukiupoteza wa kwanza unalia kwenye geti au unakariri usichokielewa, wa kukurudishia ni nani?

Najua kuna mdau ataandika hapo chini: "Sisi tulisoma chini ya mwembe bila vidudu na tumefika." Ndugu yangu, ni kweli, ila unaongea wewe uliyefika. Wale wenzako 20 wa darasa lako walioishia la nne bila kujua kusoma hawapo hapa kafe kukujibu.

TUFANYE NINI?

Kama nyumbani una mdogo wako au mpwa anayeanza Januari, uandikishaji kwenye shule za serikali kwa kawaida unafanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Usisubiri wiki ya mwisho. Ulizia cheti cha kuzaliwa mapema, kama hana fuatilia RITA. Mpeleke akaione shule kabla, aone vyoo viko wapi, ashike bomba la maji, amwone mwalimu. Msimulie hadithi moja kila usiku halafu yeye akusimulie. Mpe kazi za mikono. Acha kabisa kumtishia mwalimu. Dakika 20 kwa siku zinatosha, ni chache kuliko tunazokaa hapa tukiangalia video.

Na mzazi akitaka kulipia binafsi, sawa, ila kabla hajatoa hela aulize maswali matatu: darasa lina watoto wangapi, wanacheza saa ngapi, na mwalimu amesomea elimu ya awali au alikuwa hana kazi? Wakianza na bei ya joho, aondoke.

Jingine ni mkutano wa wazazi wa shule ya serikali. Tunauacha kwa akina mama na wazee. Nendeni. Nyoosha mkono uulize kuhusu mwalimu wa awali na uji wa watoto. Swali hilo likiulizwa na watu kumi litaandikwa kwenye muhtasari.

Mpwa wangu? Dada hakurudisha dogo nasari. Tulikaa tukapiga hesabu, ile ada ikageuka mtaji wa jiko la pili. Januari 2025 dogo akaanza darasa la kwanza shule ile ile ya serikali niliyokwenda kuchungulia, na mie ndiye niliyemshika mkono. Siku mbili za kwanza alilia. Ya tatu akaniambia nisimsindikize mpaka mlangoni, wenzake wanamwona. Sitawadanganya kwamba mambo yote ni mazuri, darasa limejaa na madaftari yanasahihishwa kwa kuchelewa. Jioni ninakaa naye. Lakini juzi kati hapa alisoma mwenyewe kibao cha mama yake, "Vitumbua vya moto", silabi kwa silabi, mteja anasubiri.

Naomba kutoa hoja. Wewe kwenu mmewaandaaje? Mwandikie mwenzako hapo chini, hasa walioko mikoani, tusikie na ya huko. Dakika zangu zimebaki nne, natoka.